Mkopo wa masomo: deni hii itaandikwa kwa franga gani?

  

Leo hatukuwaita kwa kuandamana. Tumewaita kwa kufanya hesabu. Tunajua hesabu haichezeshi watu sawa wimbo, lakini sheria nyingi zinazotubana ziliandikwa na watu waliojua hesabu, zikapita mbele ya watu wasiouliza. Hapa tuko wengi wenye diploma. Tuko na wa uchumi, wa sheria, wa kilimo, wa ualimu. Mwenzetu mmoja mwenye diploma ya uchumi anauza yuniti ku barabara, mwingine anaendesha moto. Kazi hatuna, lakini kalamu tunayo na wakati tunao.

Mu mji wetu kuna wazo moja linatembea. Utalisikia ku radio, utalisikia mu terasi ya bia, utalisikia hata kwa wazazi waliochoka: burse ilikufa, serikali haina franga, basi wanafunzi wakopeshwe, wasome, kiisha walipe. Na nyuma ya wazo hilo kuna lingine linalolifuata sawa kivuli: banki ziachwe zifanye kazi yazo, serikali isitie mukono mu bei ya mkopo, soko litapanga lenyewe. Mawazo haya mawili mara nyingi yanatoka mu kinywa kimoja. Ukimuuliza muntu kama huyo atakuambia: mwenye kufaidika na diploma ni mwenye diploma, basi alipe yeye, na mwenye kukopesha franga ni mwenye franga, basi apange bei yeye.

Hatuyadharau. Wanaoyasema si wote waongo, na si wote matajiri wa kuzaliwa. Tuchukue mmoja anayejulikana, mbali na sisi, ili hakuna muntu hapa aseme tunatukana mbunge wake. Huko Marekani kuna mama mmoja, Virginia Foxx, mbunge wa North Carolina tangu 2005. Mara mbili aliongoza kamati ya elimu ya Baraza la Wawakilishi. Huyu mama alikulia mu nyumba isiyo na maji ya bomba wala umeme. Alisoma chuo kikuu akifanya kazi, ikamchukua miaka saba, na anasema hakukopa hata senti moja. Kwa hiyo mu 2012 alisema waziwazi ku radio kwamba hana uvumilivu mwingi kwa vijana wanaomaliza chuo na deni kubwa ku shingo. Na wakati Rais Joe Biden alipotaka kufuta sehemu ya deni za wanafunzi, upande wa huyu mama ulijibu: juu ya nini dereva wa lori asiyesoma chuo alipe deni ya avoka?

Swali hilo ni zito. Ukilileta hapa linakuwa hivi: juu ya nini mama anayeuza makala ku Kenya yetu (komini, hapana ile inchi) atoe franga ya kodi ili mtoto wa daktari asome bure ku Kasapa? Sisi wenye diploma tusikimbie swali hili. Yule mama hata mtoto wake hakufika ku chuo.

Lakini hadisi ya Foxx iko na sehemu isiyosemwa sana. Alisoma mu chuo cha serikali miaka ya 1960. Katiba ya North Carolina inaamuru kwamba chuo kile kiwe bure kwa watu wa jimbo, kadiri inavyowezekana. Jimbo lilikuwa linabeba mzigo mkubwa, mwanafunzi anabeba mdogo. Kufanya kazi na kulipa masomo kuliwezekana kwa sababu bei ilikuwa ya kuwezekana. Yeye anakumbuka mikono yake ilivyochoka, na ni kweli ilichoka. Ule mukono mwingine uliokuwa chini ya gunia haumo mu hadisi. Leo Wamarekani zaidi ya milioni 40 wako na deni ya masomo, jumla zaidi ya dola trilioni 1.6, na tarehe 30 Juni 2023 Korti Kuu ya kule ilikataa mpango wa Biden. Deni ikabaki.

Sasa upande wa banki. Kiisha Lehman Brothers kuanguka mu Septemba 2008, Marekani iliandika sheria kali ya 2010 ya kuchunga banki, ile inayoitwa Dodd-Frank. Chama cha Foxx hakikuipenda hata siku moja. Mu Juni 2017 Baraza lilipiga kura 233 kwa 186 kuivunja sehemu kubwa. Mu Seneti haikupita, na mwaka uliofuata kukapita sheria nyepesi zaidi ya kuilegeza. Mutasema: hayo ni mambo ya Washington, yanatuhusu nini? Ba ndugu, sisi watu wa Katanga njo tungepaswa kuwa wa kwanza kujua yanatuhusu nini. Mwanzo wa Juli 2008 tani moja ya shaba ilikuwa inakaribia dola 9 000 ku soko la London. Kufika Noeli ya mwaka ule ule ilikuwa chini ya 3 000. Banki za mbali zilikopesha watu nyumba bila kuuliza kama wataweza kulipa, na viwanda vya kuyeyusha shaba na kobalti vikafunga milango Likasi, Kolwezi na hapa Lubumbashi. Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Tulijua tu kwamba papa alianza kushinda nyumbani, na nyama ikatoka mu sahani. Hakuna mbunge wa Katanga aliyepiga kura ku sheria zile, lakini bili ilifika mpaka mu Kampemba.

Kwa hiyo muntu akisema "soko litapanga," tumuulize litapanga nini, na nani atakuwa amelala chini likiwa linapanga.

Lakini sasa tufike ku jirani zetu, maana huko hadisi haiendi vile tungependa, na wengine hapa hawatafurahi.

Mu Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alitia sahihi ku sheria iliyoletwa na mbunge wa Kiambu, Jude Njomo. Sheria ilisema hivi: hakuna banki itakayokopesha kwa bei inayopita bei ya Banki Kuu kwa zaidi ya 4 kwa mia. Mbele ya sheria ile, muntu alikuwa anakopa kwa wastani wa karibu 18 kwa mia kwa mwaka. Kiisha ikashuka karibu 14. Watu walishangilia, na kama tungekuwa kule tungeshangilia nao. Mbunge amesimama mbele ya banki na amezifunga kamba! Nani hatapenda?

Angalieni kilichofuata. Banki zilikaa na kalamu zazo. Zikasema: huyu mwenye kibanda cha mboga anaweza kushindwa kulipa, kwa 14 kwa mia hatari yake haitulipi. Serikali nayo inakopa kwa bei isiyo mbali na hiyo, na serikali haikimbii usiku na mizigo. Basi tuikopeshe serikali. Mikopo kwa watu na biashara ndogo ikakauka. Mwenye duka alikuwa na haki ya mkopo wa bei nafuu mu karatasi, lakini mlango wa banki ulikuwa umefungwa. Akaenda wapi? Akaenda ku telefone. Mikopo ya telefone ilikuwa tayari. M-Shwari ilianza mu 2012 na ilikuwa inakata 7.5 kwa mia ku mkopo wa siku 30. Sasa programu zingine zikaota sawa uyoga, zingine zikikata 15 kwa mwezi. Zidisha 15 kwa miezi 12. Ni 180 kwa mia kwa mwaka. Muntu aliyekimbia 18 alianguka mu 180, na zile programu zikawa zinapigia simu mama mukwe wake na bosi wake kuwaambia kwamba yeye ni mwenye deni.

Mu Oktoba 2019 Rais alirudisha mu Bunge sheria ya fedha akitaka kifungu cha Njomo kitolewe. Njomo alihitaji theluthi mbili ya wabunge ili kumshinda Rais, hakuzipata, na mu Novemba kamba ikakatwa.

Hapa inafaa tuseme ukweli hata kama unauma: wale wa kulinda soko walikuwa na haki ku jambo moja. Ukipanga bei ya mkopo kwa sheria na kuacha mengine yote vile yalivyo, maskini anatupwa nje, na nje kule kuna fisi. Sisi hapa fisi huyo tunamujua kwa jina. Tunamuita Banque Lambert. Mwalimu, askari, mfanyakazi wa ofisi, mwezi unamushinda tarehe 12. Anachukua mia, anarudisha mia na hamsini, na kadi yake ya banki inalala kwa mwenye kukopesha mpaka mshahara uingie. Hakuna sheria ya Kinshasa iliyopanga bei ile. Njaa njo iliyopanga.

Lakini hadisi ya Kenya haikuishia 2019. Mu Desemba 2021 walipitisha sheria nyingine: kila mwenye kukopesha kwa telefone aombe ruhusa kwa Banki Kuu, aseme bei yake mbele, asichukue majina ya watu mu telefone yako na kuwaaibisha. Sheria ile haikupanga bei. Ilipanga tabia. Kwa maoni yetu njo mahali ambapo yule mwenye kulinda soko na sisi tunaachana njia. Kukataa kupanga bei ni jambo moja. Kukataa kuchunga ni jambo lingine kabisa. Sokoni hakuna anayepangia mama bei ya unga, lakini mezani kuna kopo la kupimia, na mukitoboa chini yake mutapigana.

Tuje ku mkopo wenyewe wa masomo. Kenya wanakopesha wanafunzi tangu miaka ya 1970, na tangu 1995 kazi hiyo iko na sheria yake na ofisi yake, HELB. Riba yake ni 4 kwa mia kwa mwaka. Kwa bei ya hapa hiyo ni zawadi. Tulipoisoma mara ya kwanza tulisema: tuletee leo! Kiisha tukasoma ukurasa wa chini. Mwaka mmoja nyuma ya kumaliza, unapaswa kuanza kulipa, uwe na kazi usiwe na kazi. Ukichelewa, kuna amende ya shilingi 5 000 kwa mwezi. Riba ni mbuzi. Amende njo chui. Kijana aliyekaa nyumbani miaka mitatu anakuta amende imekula zaidi ya riba yote. Na zamani akipata nafasi ya kuomba kazi ya serikali, walikuwa wanamuomba karatasi ya HELB inayosema kwamba iko sawa na deni yake. Yaani ili upate kazi uonyeshe umelipa, na ili ulipe upate kazi. Mbunge kijana, Gideon Keter, alipeleka pendekezo kwamba muntu asianze kulipa mbele ya kupata kazi. HELB ilijibu kwamba mfuko utakauka, na wadogo zenu wanaongojea mkopo watakosa. Jibu hilo pia si la ujinga. Mfuko wa mkopo ni sawa likelemba: wa kwanza asiporudisha, wa mwisho hali.

Tanzania ilionyesha ubaya mwingine, ambao sisi wa sheria tunauogopa zaidi. Sheria yao ya bodi ya mikopo ni ya 2004. Watu walitia sahihi wakijua watakatwa 8 kwa mia ya mshahara. Mu 2016 Bunge likabadilisha: 15 kwa mia, hata kwa wale waliotia sahihi zamani. Juu yake kulikuwa na 6 kwa mia kila mwaka ya kulinda thamani ya deni, na amende ya 10 kwa mia kwa mwenye kuchelewa. Kuna walimu waliokuwa wanakatwa kila mwezi na deni inapanda. Ilibaki mpaka Mei Mosi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliposimama mbele ya wafanyakazi Mwanza na kusema ile 6 itolewe. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini fikirini: kama rais mmoja anaweza kuitoa kwa hotuba, bunge lingine linaweza kuirudisha kwa kura. Deni yako iko mukononi mwa watu ambao hawajachaguliwa bado siku unapotia sahihi.

Zambia, hapa karibu, ukivuka Kasumbalesa, wako na bodi yao kwa sheria ya 2016. Mu 2019 serikali iliondoa franga ya chakula kwa wanafunzi wa Lusaka na Kitwe. Serikali iliyofuata ikairudisha mu 2022. Tutawaita wenzetu wa Copperbelt siku moja waje waeleze wenyewe, wanajua kuliko sisi.

Sasa kwetu. Wazazi wanakumbuka burse. Wanafunzi wa wakati ule walikuwa wanalala, wanakula, wanapata na kitu kidogo mu mfuko. Lakini tusiwadanganye watoto kwamba ile ilikuwa paradiso. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walitoka ku barabara za Kinshasa, na burse ilikuwa mojawapo ya madai yao. Askari walipiga risasi, wakafa wengi. Burse ya serikali inaweza kuwa ugali, inaweza kuwa kamba pia. Kiisha franga ya serikali ikaoza, burse ikaoza nayo, na tangu miaka ya 1990 mzazi njo alibeba shule, toka mshahara wa mwalimu mpaka chaki. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni bure, na tulingojea mpaka 2019 ili ianze kutendeka. Chuo kikuu hakimo mu ahadi hiyo. Ku chuo unalipa minervali, na minervali inafikiriwa kwa dola hata kama unailipa kwa franga.

Hapo njo swali la leo linapozaliwa, na ni swali ambalo mwenye kusema "wakopeshwe tu" hajibu: deni itaandikwa kwa franga gani?

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Mwanzo wa 2016, dola 1 ilikuwa haijafika franga 1 000, tuseme 930. Kijana anakopa dola 1 000. Ku franga ni 930 000. Anamaliza, Mungu anamusaidia, anapata kazi ya ualimu inayolipwa kwa franga. Mu 2024 dola ilipita 2 800. Ile ile deni ya dola 1 000, bila riba hata ya senti, imekuwa franga 2 800 000. Imezaa mara tatu ikiwa imelala. Hakuna banki iliyomuibia, hakuna amende, hakuna Banque Lambert. Kambisti pale ku kona amebadilisha tu namba ku kibao chake.

Basi tuandike kwa franga, mutasema. Sawa. Tugeuze meza. Mfuko unakopesha 930 000 mu 2016, ambayo ni minervali ya watoto wawili watatu. Mu 2024 kijana anarudisha 930 000 yake yote, mwaminifu kabisa, na mfuko unapata kitu cha dola 330. Mtoto mmoja, labda. Likelemba imekufa na kila mutu alilipa! Na kama banki njo inakopesha kwa franga, haitakubali kufa hivyo; itajilinda kwa riba. Mu Agosti 2023 Banki Kuu yetu ilipandisha bei yake yenyewe toka 11 mpaka 25 kwa mia. Kama banki zilikuwa zinapata franga kwa bei hiyo, mwanafunzi asiye na mshahara angeipata kwa ngapi? Wale wa uchumi wafanye hesabu hiyo nyumbani, sisi tuliifanya na hatukulala vizuri.

Wazazi wetu wanajua hii kuliko profesa yeyote. Mu Desemba 1979 walilala na makaratasi ya 5 na 10 zaire, wakaamuka yameondolewa ku soko. Mu 1991 Bindo ilianguka na franga za watu ndani. Mu 1993 walibadilishiwa milioni 3 za zaire kwa zaire mpya moja. Na mu 2016, wakati wetu huu, wateja wa BIAC walipanga mistari mbele ya banki wasipate franga zao, mpaka Banki Kuu ikaingia kuichukua. Muntu aliyeona hayo akikuambia "weka franga chini ya kitanda," usimuite mshamba. Yeye njo muchumi.

Ndiyo, sheria tunazo. Kuna ile ya Septemba 2011 ya mikopo midogo, kuna ile ya tarehe 27 Desemba 2022 ya shughuli na ukaguzi wa banki. Mtu mwenye kulinda soko akisema hatuhitaji sheria nyingine, tutamujibu kwamba labda ni kweli. Tunahitaji muntu wa kutembea na hizi zilizoko mpaka ku mlango wa anayekopesha.

Na kuna jambo la mwisho linalotufanya tuite mkutano huu mbele ya mkopo kufika, si nyuma. Banki haikopeshi hewa. Mwanafunzi hana mshahara. Basi wataomba nini? Wataomba parseli ya mzazi. Ile parseli ya Katuba au ya Rwashi, iliyonunuliwa na jasho la Gécamines, ambamo wanalala watu kumi na moja, na wajukuu, na shangazi mjane. Karatasi yake itatoka mu sanduku la mama na kwenda kulala mu ofisi, kwa kungojea diploma ilete kazi. Sisi tulio hapa tuko na diploma. Tuambiane ukweli: ni wangapi kati yetu wangekuwa wameokoa parseli ya mama kufikia leo? Musinyanyue mikono, hakuna haja.

Katikati yetu hatuko na sauti moja juu ya hili. Wenzetu wengine wanasema mkopo usiingie kabisa, serikali yenye shaba na kobalti isituuzie masomo kwa deni. Wengine, na njo walio wengi kwa sasa, wanasema mkopo unaweza kuja, kwa sababu mtoto wa fundi asiye na kitu leo anakaa nyumbani kabisa, hata deni hana wa kumupa. Lakini uje namna gani? Usidai parseli. Deni ihesabiwe kwa mshahara: ukipata kazi unakatwa sehemu ndogo, ukikosa kazi saa ya deni inasimama, na miaka fulani ikipita inafutwa. Amende isipite riba. Masharti yasibadilishwe ku muntu aliyekwisha kutia sahihi. Na hasara ya franga kuanguka ibebwe na mfuko wa serikali, kwa sababu serikali njo yenye Banki Kuu. Mwalimu wa Kipushi hana mashini ya kuchapa franga.

Yule mama wa makala tunamujibu hivyo hivyo: hatumuombi atulipie bure. Tunaomba tulipe tukiwa na kitu cha kulipa.

Sasa kazi. Katiba inasema kikao cha Machi kinafunguliwa tarehe 15 Machi na kufungwa 15 Juni, cha Septemba kinafunguliwa 15 Septemba, na kile cha Septemba njo cha bajeti. Kati ya 15 Juni na 15 Septemba wabunge wako mu vakansi, na wengi wanarudi hapa kuonana na waliowachagua, kuzika, kuoza watoto, kunywa. Tuwakute. Tusiende kwa kelele, twende na karatasi moja yenye maswali matano hivi, ya kwanza kabisa ikiwa ile ya franga gani. Atakayejibu tutaandika jibu lake na jina lake ku ukurasa wetu, vile alivyosema, bila kuongeza. Atakayekataa kujibu tutaandika kwamba alikataa.

Kila komini ichague watu watatu mbele ya Jumamosi: Kampemba, Katuba, Kenya, Kamalondo, Rwashi, Annexe na Lubumbashi yenyewe. Aliye na Kifaransa kizuri cha kuandika abaki kidogo, tuko na karatasi ya kusahihisha. Wale wa uchumi, abaki hata mmoja. Hesabu ya 930 na 2 800 tunataka iwe na jedwali, mwaka kwa mwaka, ili onorable asituambie tumechagua miaka mibaya.